Waziri Yuko, Jenerali Yuko, Mutu wa Labo Hayuko



Juma lililopita vijana watatu, wote wamemaliza chuo, waliniletea dossier ya kampuni yao ndogo. Wanataka kuuza kipimo cha maji: unachota maji ya ziwa ao ya kisima, unayaweka ndani ya kifaa, telefone inakuambia kama yanafaa kunywa. Mupango muzuri, na katika muji wetu kazi haitakosa. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Sikukuta kifaa, sikukuta maji. Nilikuta conseil d'administration: Honorable fulani, Professeur fulani, Kolonel mustaafu fulani, Mama PDG fulani. Majina saba, kila moja na titre yake mbele. Nikauliza: "Kati ya hawa saba, nani anajua kupima maji?" Wakaangaliana. Mumoja akajibu: "Kaka, hawa ni watu wa kutufungulia milango."

Sikumucheka. Jibu lile si la ujinga, na sisi wote tunajua ofisi gani zinafunguka kwa jina na zinafungwa kwa diplome. Lakini nilirudi nyumbani nikifikiria kampuni moja ya Marekani ambayo ilifunguliwa milango yote kwa njia hiyo hiyo. Nikaona tuisome pamoja hapa.

Kampuni inaitwa Theranos. Ilianzishwa mwaka 2003 kule California na Elizabeth Holmes, musichana wa miaka 19 aliyeacha masomo yake Stanford. Ahadi yake ilikuwa tamu: badala ya kuchomwa sindano ku mushipa na kujaza vichupa, unatobolewa ncha ya kidole, tone moja ao mawili, na mashini ndogo inafanya vipimo vingi. Mwaka 2013 ilitangaza kazi ya pamoja na duka za dawa za Walgreens. Mwaka 2014 kampuni ilihesabiwa kuwa na bei ya dola miliari 9. Mwezi wa 10 wa 2015, mwandishi John Carreyrou wa gazeti Wall Street Journal akaonyesha kwamba mashini haifanyi ile iliyokuwa inasemwa. Mwaka 2018 kampuni ikafungwa. Mwaka 2022 Holmes alikatiwa miaka 11 na miezi 3 ya gereza kwa kudanganya wawekezaji, na Ramesh Balwani, aliyekuwa namba mbili wake, akakatiwa karibu miaka 13.

Wengi mumesikia habari hiyo, na kuna vitabu na filamu juu yake. Leo Holmes tumuache pembeni. Nataka tusome baraza lake ginsi tunavyosoma CV ya mutu anayetafuta kazi: ametoka wapi, amefanya nini, na hapa anakuja kufanya nini.

Tuanze na George Shultz, juu yeye njo mulango. Aliingia baraza mwaka 2011, akiwa na miaka 90. Alikuwa waziri wa kazi na waziri wa fedha wakati wa Nixon, kisha waziri wa mambo ya inje wa Reagan kutoka 1982 mupaka 1989. Kwa masomo ni mwanauchumi. Katikati ya vyeo hivyo aliongoza Bechtel, kampuni kubwa ya ujenzi. Ni CV ambayo ukiisoma unasimama. Lakini soma tena, polepole: fedha, kazi, diplomasia, ujenzi. Damu haiko.

Henry Kissinger. Huyu wazee wetu wanamukumbuka, mwaka 1976 alifika Kinshasa kumuona Mobutu. Waziri wa mambo ya inje wa Nixon na wa Ford. Mwaka 2014 alikuwa na miaka 91. William Perry, waziri wa ulinzi wa Clinton kutoka 1994 mupaka 1997. Sam Nunn, seneta wa Georgia kwa karibu miaka 25, aliyeongoza komisheni ya jeshi katika Seneti. Gary Roughead, amirali, mukubwa wa jeshi la maji mupaka 2011. James Mattis, jenerali wa Marine aliyeongoza majeshi ya Marekani katika Mashariki ya Kati na Afghanistan. Aliingia baraza 2013, nyuma ya kutoka jeshini, na baadaye Trump akamufanya waziri wa ulinzi. Richard Kovacevich, aliyeongoza banki Wells Fargo. Riley Bechtel, wa ile kampuni ya ujenzi ya jamaa yake.

Ongeza waganga wawili, nitawarudilia.

Mwaka 2014 magazeti ya biashara yaliandika juu ya baraza hili kwa mshangao wa heshima. Moja ya magazeti makubwa liliona kwamba, kwa upande wa utumishi wa taifa, labda hakujakuwa kampuni ya Marekani yenye baraza la namna hiyo. Na kweli hakujakuwa. Kama ungetaka kujenga kambi ya jeshi jangwani, kuikopea pesa, kuitetea katika Seneti na kupatana na nchi jirani, hawa wazee wangemaliza kazi hiyo kabla ya saa sita. Lakini kampuni ilikuwa inapima damu.

Hapa watu wengi husimama na kucheka: "Wazee hawakujua sayansi, binti akawadanganya." Mimi sikubali maelezo hayo, yanatupatia raha ya bure. Angalieni vizuri. William Perry ana doktora ya hisabati. Mwaka 1964 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya elektroniki, ESL, pale pale California, kabla hata neno start-up halijawa wimbo. Bill Frist, mumoja wa wale waganga wawili, alikuwa seneta na kiongozi wa wengi katika Seneti kutoka 2003 mupaka 2007, lakini mbele ya siasa alikuwa munganga wa kupasua, wa kubadilisha moyo na mapafu. Na William Foege ni jina ambalo kila mwanafunzi wa afya ya jamii anapaswa kulijua. Aliongoza CDC, kituo kikubwa cha Marekani cha kupigana na magonjwa, kutoka 1977 mupaka 1983. Mwaka 1966, huko mashariki ya Nigeria, dawa ya kuchanja ndui ilikuwa kidogo, na badala ya kuchanja watu wote yeye na wenzake wakatafuta wagonjwa, wakachanja wale wanaowazunguka. Njia hiyo ilisaidia kumaliza ndui duniani. Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tuliiona kwa macho kati ya 2018 na 2020: kwa Ebola walikuwa wanachanja vile vile, mugonjwa akipatikana, wanaomuzunguka wanachanjwa, na wale wanaowazunguka hao pia.

Kwa hiyo baraza lilikuwa na mwanahisabati, munganga wa kupasua, na mutaalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa kiwango cha dunia. Usiseme hawakusoma. Walisoma kutuzidi sisi wote wa ukurasa huu tukijumulishwa.

Sasa nani hakuwako?

Nenda ISTM yoyote ya kwetu, Goma, Bukavu ao Lubumbashi, uulize mwanafunzi wa biolojia ya labo ni nini anafanya asubuhi kabla ya kugusa damu ya mugonjwa wa kwanza. Atakuambia: anapitisha kontrole. Ni sampuli ambayo jibu lake tayari linajulikana. Mashini ikitoa jibu lingine, hakuna mugonjwa anayepimwa mupaka ujue sababu. Hiyo ni akili ya kila siku ya mutu wa labo, haihitaji doktora, inahitaji kuwa umeifanya mara elfu. Umuulize tena juu ya damu ya kidole. Atakuambia kwamba ukikamua kidole, damu inachanganyika na maji ya nyama, na chembe nyingine zinapasuka. Potasiamu inatoka ndani ya zile chembe, na jibu linapanda bila mugonjwa kuwa na tatizo. Umuulize kama anaweza kuongeza maji ndani ya tone dogo ili litoshe mashini kubwa. Atakuangalia kama mutu asiye muzima.

Basi, hayo njo yaliyokuwa yanafanyika Theranos. Mashini yao wenyewe, Edison, ilikuwa inafanya vipimo vichache tu. Wall Street Journal iliandika kwamba mwisho wa 2014 ilikuwa inatumika kwa vipimo kama 15 hivi, wakati kampuni ilikuwa inauza zaidi ya 200. Vingine vilipitishwa ku mashini za kawaida za kampuni zingine, Siemens na wenzake, na tone dogo la kidole liliongezwa maji ili litoshe. Mwezi wa kwanza wa 2016, wakaguzi wa serikali waliandika kwamba makosa katika labo ya kampuni huko California yalikuwa hatari ya haraka kwa wagonjwa. Mwaka huo huo kampuni yenyewe ilifuta majibu yote ya Edison ya miaka miwili. Fikiria: mama aliyeambiwa mimba yake inaharibika, muzee aliyebadilishiwa dawa ya damu, wote wanapigiwa telefone: "Samahani, lile jibu hatulihesabu tena."

Ili kujua hayo baraza halikuhitaji Prix Nobel. Lilihitaji mutu mumoja ambaye kazi yake ya maisha ilimupatia swali moja: "Tone hili mulilipima ku mashini gani?" Munganga wa kupasua hapimi damu mwenyewe, anaandika karatasi, labo inamurudishia jibu, analiamini, na lazima aliamini, kama si hivyo hatapasua mutu. Mutu wa afya ya jamii anasoma hesabu zinazotoka labo elfu. Wote wawili wamezoea kupokea jibu. Njo maana nasema, tukisoma kazi ya mutu tusishike jina la kitivo. Tuulize alikuwa amesimama upande gani wa meza. "Ni munganga" haitoshi.

Lakini kuna jambo lingine, na kwangu hili njo zito zaidi. Kazi za zamani za wazee hawa zilikuwa mbali na damu, na zaidi ya hapo zilikuwa zimewafundisha kutouliza.

Fikiria maisha ya waziri wa mambo ya inje, ya amirali, ya jenerali, ya seneta wa komisheni ya jeshi. Miaka 30 ao 40 ndani ya siri. Kule, mutu akikuambia "hii ni siri, huna ruhusa ya kuijua", hauoni kama anakuficha uongo. Unaona kwamba anafanya kazi yake vizuri. Unafunga mudomo, na unamuheshimu zaidi. Holmes alijenga kampuni yake juu ya neno hilo moja. Mashini haionyeshwi juu ni siri ya biashara. Wafanyakazi wa sehemu moja hawaongei na wa sehemu nyingine, juu ni siri. Matokeo hayachapwi katika magazeti ya sayansi, juu wapinzani wataiba. Mutu aliyekomaa katika sayansi angesikia kengele kwa kichwa, kwani huko kitu ambacho hakionyeshwi hakijakuwako bado. Jenerali hakusikia kengele. Alisikia nyumbani.

Halafu kuna namna ya kuamini. Jenerali anaamini ripoti ya kolonel, kolonel ya kapiteni. Hawezi kwenda mwenyewe kuhesabu risasi. Waziri anasoma karatasi iliyotayarishwa. Hiyo si kasoro, bila hiyo serikali haitembei. Ila inasimama juu ya jambo moja, kwamba yule wa chini akidanganya kuna njia nyingine ya kujua: mukaguzi, mupinzani, mwandishi wa habari, adui mwenyewe. Ndani ya Theranos njia nyingine haikuwako. Ripoti yote ilipita kwa mutu mumoja, na mutu huyo alikuwa pia mwenyekiti wa baraza.

Na wazee hawa walitoka wapi, wote kwa pamoja? Hili wasomaji wengi hawaliangalii. Ukiona orodha unasema "watu mbalimbali": diplomasia, jeshi, Seneti, banki, ujenzi. Lakini vuta uzi. Shultz alikuwa katika Hoover, kituo cha utafiti kilichoko ndani ya Stanford. Perry alikuwa profesa Stanford, na Hoover pia. Mattis na Roughead, nyuma ya jeshi, Hoover. Shultz na Riley Bechtel, kampuni moja ya ujenzi. Na mwezi wa kwanza wa 2007 watu wane, Shultz, Perry, Kissinger na Nunn, waliandika pamoja makala maarufu ya kuomba dunia iachane na silaha za nyuklia. Wane hao hao, miaka michache mbele, wako ku meza moja ya Theranos. (Makala ile ilitokea katika Wall Street Journal, gazeti lile lile lililokuja kuifunua kampuni. Dunia ni ndogo, hasa dunia ya wakubwa.)

Kwa hiyo lilikuwa baraza la marafiki wenye titre tofauti. Wa kwanza akikubali, wa pili hakubali mashini, anakubali wa kwanza. Wa tatu anakubali wawili. Ukifika wa nane, hakuna hata mumoja aliyekagua kitu, na kila mumoja anafikiri saba wengine wamekagua. Bandugu, tusijifanye kama hatulijui hili. Ni watu wangapi wametiwa katika kamati zetu juu walisoma humanités pamoja na prezida wa kamati?

Na wawekezaji wakafuata njia ile ile. Jamaa ya Walton, wenye Walmart, ilitia dola milioni 150. Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti, zaidi ya milioni 120, na gazeti lililomuharibia pesa hiyo lilikuwa lake mwenyewe. Lakini fonds za California zinazojua biashara ya dawa na vipimo, zile ambazo kazi yake ni kufungua mashini na kuuliza, nyingi zilikaa pembeni. Mwenye kujua aliuliza, akakosa jibu, akaenda. Asiyejua alisoma orodha ya baraza.

Mutu anaweza kunipinga hapa: "Lakini ungeweka mutu wa labo ndani ya baraza, angefanya nini?" Swali la haki, na jibu lake linaniumiza kidogo, juu linapunguza nguvu ya mambo yote niliyosema juu. Mwisho wa 2013 kampuni ilipanga hisa za Holmes ziwe na kura 100 kila moja. Akabaki na zaidi ya asilimia 99 ya kura. Baraza lingeinua mikono yote kwa pamoja, mukono wake mumoja ungeshinda. Na wazee walikubali kukaa ndani ya baraza la namna hiyo! Sam Nunn alihesabu kura za Seneti miaka karibu 25. Kissinger alijua nguvu ni nini kuliko mutu yeyote. Hawa hawakukosa elimu ya jambo hilo. Hapa siwezi kuwatetea kwa kusema "hawakujua biolojia". Kura si biolojia.

Na kulikuwa mufano mbele yao, kama wangeutafuta. Zamani, kabla ya mawaziri, baraza la Theranos lilikuwa la kawaida: wawekezaji, profesa, watu wa teknolojia. Mumoja wao alikuwa Avie Tevanian, aliyeongoza programu za Apple wakati wa Steve Jobs. Huyu kazi yake ya zamani ilikuwa imemufundisha kitu kimoja: bidhaa ao inatembea, ao haitembei. Akaanza kuuliza. Mikataba na kampuni za dawa iko wapi? Kwa nini tarehe zinasogea kila mukutano? Ginsi Carreyrou anavyosimulia katika kitabu chake, Tevanian aliambiwa kwamba karatasi ziko kwa wanasheria, kisha akaombwa atoke. Akatoka. Mwaka 2008 baraza lile la kwanza lilifikia hata kuamua kumutoa Holmes ku ukubwa wa kampuni; akaongea nao, wakabadilisha mawazo. Miaka mitatu mbele Shultz akaingia, na rafiki zake nyuma yake.

Sisemi mutu wa fundi ni malaika. Mwanasheria mukubwa David Boies naye alikuwa fundi wa kazi yake. Kabineti yake ilitetea kampuni, na 2015 akaingia baraza pia. Mutu mumoja anatetea kampuni na anaisimamia. Hapo ufundi ulikuwa mwingi kupita.

Sasa nifike kwa jambo ambalo lilinifanya niandike, juu linatuhusu sisi wa umri huu.

Mutu wa labo alikuwako. Hakuwa ku meza ya baraza, alikuwa ku meza ya chakula. Mujukuu wa George Shultz, Tyler Shultz, alimaliza biolojia Stanford mwaka 2013, akapata kazi Theranos, kazi yake ya kwanza. Akafanya kazi na mashini. Aliona sampuli moja ikipimwa mara nyingi inatoa majibu tofauti, aliona majibu yanayoharibu hesabu yanaondolewa. Akamuandikia Holmes. Jibu lilitoka kwa Balwani, la kumudharau: wewe mutoto unajua nini. Akaacha kazi mwaka 2014. Akaenda kwa babu yake, mutu wa baraza, akamuelezea. Babu hakuamini. Alimuamini Holmes.

Simama hapo kidogo. Baraza la watu wenye historia yote ya Marekani mikononi lilikuwa na ripoti ya kweli ndani ya nyumba ya mumoja wao, kutoka kwa mutu anayeweza kusema "niliiona mimi, kwa macho yangu, Jumanne". Na ripoti hiyo haikupita, juu aliyeileta alikuwa na miaka 20 na kitu, diplome moja, titre hakuna. Wanasheria wa kampuni walimufuata. Wazazi wake walitumia zaidi ya dola 400,000 kwa kumutetea. Erika Cheung, mwenzake wa labo, naye ametoka chuo juzi, ndiye aliyeandikia wakaguzi wa serikali mwaka 2015. Hao wakaguzi wakaja. Nyingine mumeisoma hapo juu.

Kwa hiyo tunaposema "baraza halikuwa na ujuzi" tunasema nusu. Kampuni ilikuwa na ujuzi wote iliohitaji, lakini ujuzi huo ulikuwa unavaa blouse ya labo na kupokea mushahara wa mwanzo. Ile iliyokosekana ni ngazi kutoka kule chini kufika juu. Na kazi za zamani za watu wa baraza zilikuwa za watu wanaosikiliza walio karibu na cheo chao.

Baadaye kampuni ilijaribu kurekebisha. Nyuma ya makala ya 2015 iligawanya baraza, ikawahamisha Shultz, Kissinger na wengine katika kundi la washauri, na mwaka 2016 ikaunda kamati ya wataalamu wa sayansi na tiba, pamoja na watu wa labo wa kweli. Miaka 13 nyuma ya kuanza! Mattis alikuja kutoa ushahidi mahakamani mwezi wa 9 wa 2021. Alisema alitia kama dola 85,000 za mufuko wake, na kwamba ilifika wakati hakujua tena aamini nini juu ya Theranos. Mimi namusadiki. Mwizi haweki pesa yake ndani ya shimo analochimba. Hakuna hata mumoja wa wazee hawa aliyeshitakiwa kwa jinai, na sina nia ya kuwashitaki hapa. Nawasoma tu. Shultz alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 100. Mujukuu amesema hadharani kwamba uhusiano wao uliumia sana kwa habari hii.

Niliwarudishia wale vijana watatu dossier yao juzi, na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni ya ukurasa wa kwanza. Niliwauliza tena: maji haya, nani anayapima? Hapo njo waliniambia kuna musichana mumoja, amemaliza ISTM mwaka jana. Yeye njo anachota maji ku ziwa, yeye njo analinganisha kifaa chao na kipimo cha labo, na mwezi uliopita aliwaambia kwamba kifaa kinakosea maji yakiwa na udongo mwingi. Kwa nini jina lake haliko popote ndani ya dossier, hata ku ukurasa wa mwisho? "Kaka, hana titre." Nikawaomba wamuandike, na waandike pia ile aliyosema juu ya udongo. Wamesema watafikiri. Kurasa zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na rangi.